Soko la Hisa Likipanda, Uliza Madebe Mangapi Yameuzwa

Jirani yangu huuza viazi katika soko la Kongowea, Mombasa. Chini ya meza yake kuna daftari la jalada gumu ambalo wateja wanalijua vizuri, kwa kuwa majina ya wengi wao yamo. Jumamosi moja nilimkuta amekaa juu ya gunia, leso kiunoni, kalamu mkononi. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba Soko la Hisa la Nairobi limepanda tena. Mpwa wake alikuwa amekuja mbio na habari ile: shangazi, uchumi umefufuka, tukope tufungue kibanda cha pili. Kwenye chama chao nako, mweka hazina alikuwa ameshawaandikia wenzake kwamba akiba ya mwaka itolewe yote ikanunue hisa kabla bei hazijazidi.

"Kaka," akaniambia, "huko kupanda kumepanda wapi? Maana hapa sijakuona."

Akanifungulia daftari. Mama mmoja wa viazi karai, aliyekuwa akichukua madebe mawili kila asubuhi, sasa huchukua moja, na hilo moja halilipi hadi Ijumaa. Kijana wa chipsi wa karibu na feri alikuwa hajapita wiki ya pili. Mwenye hoteli ndogo alikuwa amelipa nusu ya deni lake la mwezi uliopita na kuongeza deni jipya juu yake.

Redio haikusema uongo. Daftari nalo halikusema uongo. Nimeandika makala haya kwa ajili yake na kwa kila anayesikia habari za soko la hisa huku akikata shauri la fedha zake mwenyewe: akope au asikope, apanue au asubiri, anunue hisa au alipe karo kwanza. Ninaloamini ni hili: bei za hisa hueleza faida ambayo wenye mali wachache wanaitarajia kutoka kwa kampuni chache. Mara nyingine matarajio hayo huenda sambamba na hali ya mama wa viazi karai, na mara nyingine hupishana naye kabisa. Ukipanga maisha yako kwa habari hiyo peke yake, unayapanga kwa hesabu ya mtu mwingine.

Kinachopimwa ni nini?

Habari zinaposema soko limepanda kwa asilimia fulani, kinachotajwa ni fahirisi, yaani hesabu moja inayojumlisha bei za hisa nyingi. Nairobi ina fahirisi ya kampuni 20, iliyoanza miaka ya 1960, na ina nyingine ya kampuni zote, iliyoanza mwaka 2008 kwa pointi 100, ambayo watu wa soko huiita NASI. Katika hii ya pili, kampuni kubwa ndiyo yenye uzito mkubwa. Safaricom peke yake imewahi kufikia zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Kwa uzito huo, hisa ya Safaricom ikipanda kwa asilimia 10 na nyingine zote zikabaki pale pale, utatangaziwa kwamba soko limepanda kwa asilimia 5 au zaidi, na mwenye hisa za kiwanda au za chai hataongeza hata senti.

Dar es Salaam, ambako biashara ya hisa ilianza Aprili 1998, kuna fahirisi kuu mbili. Moja inahesabu kila kampuni iliyoorodheshwa, zikiwemo zilizotoka Nairobi kama benki ya KCB na kampuni ya bia ya EABL. Nyingine inahesabu kampuni za Tanzania tu. Hisa ya bia ikishuka Nairobi, fahirisi ya kwanza ya Dar nayo huvutwa chini, ingawa Mbeya wala Mwanza hakuna kilichobadilika. Ndiyo sababu swali la kwanza siku zote ni: fahirisi ipi?

Swali la pili ni nani hayumo. Kampuni zilizoorodheshwa Nairobi ni sitini na kitu. Zaidi ya asilimia 80 ya kazi za Wakenya ziko katika sekta isiyo rasmi: jua kali, bodaboda, vibanda, ushonaji, mikokoteni. Hakuna fahirisi inayobeba bei ya jasho lao. Tazama chai. Mashamba makubwa machache yameorodheshwa sokoni, lakini zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo wanaouza kupitia viwanda vya wakala wa chai, KTDA, na hao hawamo. Mkulima wa korosho wa Mtwara naye hayumo katika fahirisi ya Dar. Anaweza kupata msimu mzuri kuliko yote, na ubao wa bei usijue.

Jambo la tatu watu wengi hawaambiwi. Ukinunua hisa sokoni, pesa zako humwendea aliyekuuzia, haziendi kwa kampuni. Kampuni hupata mtaji pale inapotoa hisa mpya. Hata toleo la kwanza kwa umma si lazima liipe kampuni kitu. Mwaka 2008 Safaricom ilipoingia sokoni, hisa bilioni 10 ziliuzwa kwa shilingi 5 kila moja. Zilikuwa za serikali, na shilingi bilioni 50 zile zikaenda Hazina. Kwa hiyo unaposikia kwamba hisa za mabilioni zimebadilisha mikono wiki hii, usidhani kuna mtambo mpya umenunuliwa au kijana ameajiriwa. Inawezekana, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mwaka 1994, na miaka thelathini baadaye

Tarehe 18 Februari 1994 fahirisi ya kampuni 20 ya Nairobi ilifika pointi 5,030, kiwango ambacho haikuwa imewahi kukifikia. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, liliitaja Nairobi kuwa soko lililofanya vizuri zaidi duniani mwaka huo, kwa faida ya asilimia 179 ikihesabiwa kwa dola.

Sasa waulize waliokuwa wakilea familia wakati huo. Mwaka 1993 mfumuko wa bei nchini Kenya ulikuwa wastani wa asilimia 46, na uchumi ulikua kwa chini ya asilimia 1. Fedha za umma zilikuwa zimechotwa katika kashfa ya Goldenberg kwa kisingizio cha kuuza dhahabu nje. Wazazi wa wakati ule wanakumbuka unga na sukari, wala si pointi 5,030.

Mambo hayo mawili yaliwezekanaje pamoja? Sehemu kubwa ya jibu iko katika maneno "kwa dola". Mwisho wa 1993 dola moja ilikuwa takriban shilingi 68, na mwisho wa 1994 ilikuwa takriban shilingi 45. Hisa ambayo bei yake kwa shilingi haikusogea hata kidogo ilionekana kwa dola imepanda kwa nusu nzima. Mwekezaji wa London aliona neema. Mwalimu wa Nyeri mwenye mshahara wa shilingi hakuona kitu.

Mwaka 2024 jambo hilo likajirudia. Dola ilishuka kutoka takriban shilingi 157 mwanzoni mwa mwaka hadi 129 mwishoni. NASI ikapanda kutoka pointi 92 hadi 123, na kwa dola Nairobi ikawa miongoni mwa masoko yaliyong'ara zaidi. Mwaka huo huo, mwezi Juni, vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wengine walipoteza maisha. Ukuaji wa uchumi ulipungua kutoka asilimia 5.7 hadi 4.7. Aliyetazama ubao wa bei peke yake hangeweza kuelewa vijana wale walikuwa wakililia nini.

Wala si Kenya tu. Marekani ilipopigwa na korona mwaka 2020, soko lilianguka Machi, lakini kufikia tarehe 18 Agosti fahirisi ya S&P 500 ilikuwa imevuka kilele chake cha awali, wakati zaidi ya asilimia 8 ya wafanyakazi walikuwa hawana kazi. Soko hutazama faida za kesho, na tumbo hutazama chakula cha leo.

Soko limelala, uchumi unatembea

Mambo hugeuka upande wa pili pia, na hapa ndipo watu wengi walipoumia.

Januari 2007 fahirisi ya kampuni 20 ilipita pointi 6,100. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 1,500. NASI, iliyoanza kwa 100 mwaka 2008, ilimaliza 2023 ikiwa 92, yaani chini ya ilipoanzia karibu miaka kumi na sita nyuma. Katika miaka hiyo hiyo uchumi wa Kenya uliongezeka karibu maradufu hata ukiondoa mfumuko wa bei. Barabara ya Thika ilipanuliwa, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na wakala wa M-Pesa akafika hadi kijiji kisichokuwa na benki. Sehemu kubwa ya ukuaji huo ilitokana na mikopo ya serikali, mashamba, ujenzi, na biashara ambazo hazijaorodheshwa popote.

Mimi nilikuwa mmoja wa walionunua Januari 2007. Kila mtu ofisini alikuwa akizungumza hisa. Nilichukua karo ya mihula miwili ya binti yangu nikanunua hisa za kampuni moja, nikijiambia nitaziuza kabla ya Mei. Mei ilipofika bei ilikuwa imeshuka, nikaona nisubiri. Zikaja ghasia za baada ya uchaguzi, ikaja misukosuko ya fedha duniani, na mwanzoni mwa 2009 nikauza kwa chini ya nusu ya nilichotoa, kwa sababu shule haikuweza kungoja tena. Kampuni ile haikunidhulumu. Mimi ndiye niliyepeleka pesa za muhula mahali pa pesa za miaka.

Kwa nini soko hupanda peke yake

Kuna sababu nne unazopaswa kuzijua.

Ya kwanza ni riba. Hatifungani za serikali zinapolipa asilimia 18, mwenye pesa nyingi hana haja ya kuhangaika na hisa. Riba ikishuka, pesa hizo hutoka na kutafuta pa kwenda, na hisa hupanda. Kwako wewe mwenye duka, swali ni kama riba ya mkopo wako nayo imeshuka. Mara nyingi ile ya serikali hutangulia, na yako huja nyuma ikichechemea.

Ya pili ni fedha za kigeni, kama tulivyoona mwaka 1994 na 2024.

Ya tatu ni mfumuko wa bei wenyewe. Pesa zinapoyeyuka, watu hukimbilia chochote kisichoyeyuka: ardhi, mabati, ng'ombe, hisa. Zimbabwe mwaka 2007 ilikuwa na soko lililopanda kuliko mengi duniani huku maduka yakiwa matupu. Mwaka uliofuata, mfumuko rasmi wa bei ulifikia mamilioni ya asilimia, na Novemba 2008 biashara ya hisa Harare ikasimamishwa. Soko lile lilipanda kwa sababu watu walikuwa wakiikimbia sarafu yao.

Ya nne ni faida za wachache. Mabenki ni miongoni mwa kampuni kubwa katika masoko yetu, Nairobi na Dar pia. Benki inaweza kupata faida nono kwa kuikopesha serikali wakati wateja wake wadogo wanazama. Kenya mwaka 2024 mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, ilikuwa karibu asilimia 16 ya mikopo yote, na bado mabenki makubwa yalitangaza faida kubwa na gawio.

Silitukani soko. Mfuko wako wa pensheni huenda una hisa humo, na wewe ni mwenye mali bila kujua. Soko likianguka kwa miezi mfululizo, huwa limesikia jambo mapema, na ni vizuri uwe macho. Ninachokataa ni kulitumia kama kipimajoto cha nyumba ambayo halijawahi kuingia.

Ukiwa mwenye biashara

Usipanue wala usifunge kwa sababu ya fahirisi. Tenga kurasa za mwisho za daftari lako, na kila mwisho wa mwezi andika hesabu tatu.

Andika idadi uliyouza, kwa madebe, magunia au vipande, kabla ya kuandika shilingi. Mauzo ya shilingi yanaweza kupanda huku madebe yanapungua, kwa sababu bei tu ndiyo iliyopanda. Jirani yangu aliuza shilingi nyingi kuliko mwaka uliotangulia na akadhani amekua. Tulipohesabu madebe, alikuwa ameuza pungufu kwa robo.

Andika madeni: jumla ya unachodai, na siku ambazo mteja wa kawaida huchukua kulipa. Siku hizo zikirefuka kutoka tatu hadi saba hadi kumi na nne, wateja wako wameishiwa, hata kama bado wanakuja wakicheka.

Andika bei ya kununulia mzigo, pamoja na usafiri. Ukiiweka karibu na bei unayouzia, utaona kama faida yako inanenepa au inakonda.

Hesabu hizo zikienda vizuri miezi mitatu au minne mfululizo, una sababu ya kufikiria kibanda cha pili, hata kama soko la hisa limelala. Zikienda vibaya, usikope kupanua, hata kama Nairobi na Dar zote mbili zinapiga vigelegele. Na kwa hali ya nchi, fuatilia vitu viwili vinavyotangazwa bila malipo: mfumuko wa bei wa kila mwezi kutoka ofisi ya takwimu, na uamuzi wa Benki Kuu juu ya riba. Hivyo hufika kibandani kwako mapema kuliko bei ya hisa yoyote.

Ukiwa na akiba, au ukiwa katika chama

Hisa ni chombo kizuri cha akiba ya muda mrefu, na ningependa Waswahili wengi zaidi wawe nazo. Lakini ingia kwa mpango wako, usiingizwe na kelele.

Usinunue hisa kwa mkopo. Mwaka 2008 watu wengi walikopa wapate hisa za Safaricom. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, kwa hiyo wengi walipewa sehemu ndogo tu ya walizoomba. Mwaka haukuisha kabla bei haijashuka chini ya shilingi 5, na riba ya benki iliendelea kuhesabiwa. Aliyenunua kwa akiba yake na kusubiri aliiona hisa hiyo hiyo ikipita shilingi 40 mwaka 2021. Aliyekopa hakuwa na nafasi ya kusubiri.

Usipeleke huko pesa zenye tarehe: karo, kodi ya nyumba, mahari, pesa za Desemba ambazo kila mwanachama ameshazipangia kazi. Peleka zile ambazo hutazihitaji kwa miaka mitano au zaidi.

Nunua kidogo kidogo, kila mwezi au kila robo mwaka, katika kampuni zaidi ya moja na za sekta tofauti. Anayeingiza zote siku soko liko kileleni hana pesa za kununua siku limeshuka.

Kabla ya kununua, iulize kampuni yenyewe: inauza nini, imepata faida miaka mingapi mfululizo, inalipa gawio gani, inadaiwa kiasi gani? Taarifa hizo hutangazwa hadharani kila mwaka. Dalali wako awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na hisa ziandikwe katika akaunti yenye jina lako au la chama. Soko linapopanda, matapeli nao hupanda. Yeyote anayekuahidi faida ya uhakika ndani ya siku thelathini, mwondoe kwenye simu yako.

Mwisho, hesabu faida yako baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Kama hisa zako zimepanda kwa asilimia 30 wakati bei za vitu zimepanda kwa asilimia 46, kama ilivyokuwa 1993, umekuwa maskini zaidi kuliko ulivyokuwa. Shilingi 100 zako zimekuwa 130, lakini kikapu cha shilingi 100 sasa ni 146.

Wiki iliyofuata nilipita Kongowea. Chama chao kilikuwa kimekutana. Pesa za Desemba zimebaki zilipo, ila wamekubaliana kila mwanachama aongeze mchango mdogo wa kila mwezi, nao ndio utakaonunua hisa, polepole, kwa miaka mitano. Mpwa alikuwa bado amenuna kwa ajili ya kibanda chake. Shangazi yake alimkabidhi daftari na kalamu, akamwambia ahesabu madebe hadi mwisho wa Machi, kisha waketi tena. Nilipoondoka alikuwa ameinama mezani, anauliza kama debe la mama wa viazi karai, ambalo halijalipwa, lihesabiwe kuwa limeuzwa.

"Liandike," shangazi akamjibu, "lakini kwenye ukurasa wa madeni."